Themostati Mpya, Maziwa Yamechacha: Nani Alipe?



Mashine ya baridi inasumbua. Fundi anaitwa, anabadilisha themostati, anapokea pesa yake na kwenda zake. Asubuhi maziwa yamechacha. Anayeulizwa kwanza si fundi wala meneja. Ni mfanyakazi wa zamu ya usiku, na mwisho wa mwezi mshahara wake unakatwa. Kwa hiyo leo tuizungumzie mashine hii, tuijue, ili tusibebeshwe mzigo usio wetu.

Mbarara iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na watu wengi hulala vizuri bila kiyoyozi. Lakini hii ni nchi ya ng'ombe. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi. Yasiposhushwa upesi mpaka nyuzi 4, vijidudu huzaliana na maziwa huharibika. Tangi la maziwa la Mbarara, friji ya duka huku kwetu Kabazana katika makazi ya Nakivale, kiyoyozi cha ofisi: vyote hufuata kanuni moja.

Themostati haitengenezi baridi. Kazi yake ni kama ya mnyapara: hupima joto, kisha huiamuru kompresa ifanye kazi au ipumzike. Mnyapara akipewa habari za uongo, hutoa amri ya uongo. Basi kama themostati ni mpya na baridi haipatikani, angalieni kwa utaratibu huu.

Kwanza, umeme. Fundi huzima swichi kubwa kabla ya kufungua mashine. Je, aliiwasha tena? Je, fyuzi ni nzima?

Pili, kipimo. Kwenye themostati nyingi za friji, namba 1 mpaka 7 si nyuzi za joto. Kwa kawaida namba kubwa maana yake ni baridi zaidi. Msiiamini namba peke yake. Tumieni kipimajoto safi ndani ya maziwa.

Tatu, muda. Mashine ikizimika, msiiwashe papo hapo. Subirini kama dakika 5, mgandamizo wa gesi upungue, maana kompresa ikilazimishwa inaweza kuungua. Themostati nyingine za kisasa huchelewesha zenyewe kwa sababu hiyo. Kimya cha dakika chache si ubovu.

Nne, kichwa cha kupimia. Themostati za kawaida za matangi zina kabomba kembamba ka shaba, na mwisho wake kuna kichwa kinachopima joto. Kichwa hicho lazima kiingie chote katika tundu lake kwenye tangi. Kikiachwa kinaning'inia nje, kitapima joto la chumba, na mashine itafanya kazi bila kupumzika mpaka maziwa yagande barafu. Kabomba kakivunjika, gesi yake hutoka na mashine haiwaki kabisa.

Tano, nyaya. Mkiona mashine inafanya kazi wakati maziwa ni baridi na kunyamaza yanapopata joto, huenda waya umefungwa mahali pasipo pake, au imewekwa themostati ya mashine ya kupasha moto. Hapo aitwe fundi.

Ikiwa kompresa inanguruma na baridi haiji, kosa huenda si la themostati. Tazameni kama feni inazunguka, na kama mabati membamba ya kutolea joto yamezibwa na vumbi. Gesi ikiwa imevuja, hiyo nayo ni kazi ya fundi.

Lakini sikilizeni vizuri: kuangalia si kufungua. Umeme wa volti 240 unaua, na mashine kubwa hutumia volti 415. Asiyefundishwa kazi ya umeme asiondoe kifuniko. Wala mtu asikubali kuunganisha nyaya ili kuiruka themostati, hata akiamriwa na bwana mkubwa. Mashine ya namna hiyo haina wa kuisimamisha.

Sasa madai yetu. Fundi asiondoke mpaka mashine imejizima na kujiwasha yenyewe mbele ya mfanyakazi wa zamu. Kazi aliyoifanya, saa na joto la maziwa viandikwe katika daftari, na fundi atie sahihi. Kisha kila saa wa zamu aandike joto. Daftari hilo ndilo shahidi wetu. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwenzake; hakuna aibu.

Sheria zipo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa katika mshahara. Hasira ya meneja haimo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Nanyi ndugu wakimbizi wa Nakivale mnaofanya kazi viwandani na mashambani, msidanganywe kwamba chama si chenu: Sheria ya Wakimbizi, nayo ya 2006, inawapa haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi.

Mkikatwa mshahara kwa ubovu wa mashine, msigombane na fundi wala msitoroke kazi. Chukueni daftari, mwende pamoja kwa mwakilishi wa tawi. Mtu mmoja huambiwa ni mzembe. Wafanyakazi wote wa zamu wakisimama na maandishi mkononi, hiyo ni hoja ya kujibiwa.

Umoja ni nguvu.