Vakansi ya watoto: panga matembezi mu telefone mbele ya franga kuisha

Mwezi wa saba ikifika, bultini ikisha kutoka, mu nyumba nyingi za Goma swali ni moja tu: «Papa atashuka siku gani? Na akishuka, atatupeleka wapi?» Papa eko Rubaya, ama Walikale, mu shimo. Mama anajibu: «Tutaona.» Watoto wanajua ile «tutaona» inamaanisha nini. Mwaka uliopita walisikia ileile, na mwezi wa kenda wakarudia ku masomo bila kufika hata ku plaji.

Si kusema papa hana moyo. Mara nyingi franga ilikuwa, lakini iliisha mbele ya kufika nyumbani. Deni ya chakula kule juu, rafiki mwenye kuomba, chupa mbili za kufurahia mawe yenye kutoka. Akifika Ndosho ao Katoyi, mufuko uko mwepesi na aibu iko nzito. Siku ya tatu anarudia ku kazi, na hakuna mwenye kutembea.

Hii makala inazungumuzia ginsi ya kufanya ili mwaka huu ikuwe tofauti. Na chombo cha kazi uko nacho tayari mu mukono: telefone.

Wazungu wanafanyaka namna gani

Wenye kuwa na ndugu Ufaransa ao Ubelgiji wamekwisha kuona picha: watoto mbele ya nyumba kubwa ya kifalme, Disneyland Paris. Ile nafasi ya michezo ilifunguliwa mwaka 1992. Ya kwanza kabisa ilifunguliwa Marekani, mu California, mwaka 1955. Siku hizi, mutu mwenye kuenda pale haingie ovyo. Anaweka aplikasio mu telefone. Ile aplikasio inamuonyesha karte ya nafasi yote, inamuambia ku mchezo fulani watu watangoja dakika ngapi, na inamuonyesha bei ya chakula mbele hajakaa ku meza.

Ukiangalia muzuri, inajibu maulizo matatu tu: twende wapi kwanza? Itachukua muda gani? Itakula franga ngapi? Goma hatuna Disneyland. Lakini ile maulizo matatu njo yenye kuharibu matembezi yetu kila mwaka, kwa sababu hakuna mwenye kuyajibu mbele ya siku kufika. Na kuyajibu haiombe aplikasio ya bei. WhatsApp, karte ya Google na pesa ya mu telefone zinatosha.

Kuna neno lingine wachimbaji wanapaswa kujua. Koltani ndani yake kuko tantali, na tantali inatumika ku vipande vidogo sana vyenye kuchunga umeme ndani ya telefone. Umoja wa Mataifa ilisema Rubaya peke yake inatosha zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Ile telefone, weye njo uliichimba. Inafaa itumikie watoto wako pia.

Kazi ya kwanza: kura

Fungua grupe ya WhatsApp ya nyumba: papa, mama, mutoto mukubwa, labda shangazi mwenye kuwasaidia. WhatsApp iko na nafasi ya kura. Mama anaandika nafasi tatu, si kumi, na kila mutu anachagua. Wadogo wenye hawana telefone wanapiga kura ku telefone ya mama. Papa kule juu, siku rezo inapatikana, anaona na yeye anachagua.

Nafasi gani? Tuanze na za karibu. Kuko kando ya ziwa Kivu, na kuko rond-point Tshukudu, kwenye sanamu ya rangi ya zahabu iko tangu 2009; mutoto mwenye kuzaliwa Masisi atafurahi kuona chombo cha babu yake kimewekwa juu kama mufalme. Kuko mahoteli yenye kuwa na piscine, na zingine zinakubali watoto kwa kulipa kiingilio. Kule ngambo, Gisenyi, kuko plaji ya muchanga yenye haiombe kiingilio. Mwenye kuwa na franga zaidi anaweza kuwazia Kigali: toka Gisenyi ni kilomita zaidi ya 150 za lami, na bisi inatumia masaa matatu ao mane.

Ngorila ya Virunga, hapana kudanganya watoto. Ile parke yetu ilianzishwa 1925, ni ya zamani kupita zote mu Afrika, lakini kwa kuona ngorila mutoto anapaswa kuwa na miaka 15, na bei si ya mufuko wetu.

Kazi ya pili: sanduku yenye hakuna mwenye kugusa

Tangu banki za Goma zilifunga mwezi wa kwanza 2025, watu wengi wanachunga pesa mu telefone. Kuko hatari moja: pesa ya vakansi ikichanganyikana na pesa ya bugali, bugali itaikula. Fanya hivi: kama nyumba iko na laini mbili, laini moja inakuwa sanduku ya vakansi. Namba ya siri inajulikana na mama peke yake, ao na papa na mama, basi.

Tuseme munataka kutumia dola 48 kwa watu sita. Muko na majuma mane. Ni dola 12 kwa juma. Lakini mawe haina kalandrie: juma moja inatoka, juma lingine munatosha mayi tu mu shimo. Juma ya mawe, tuma 24. Juma ya mayi, usitume kitu, na mama asikasirike. Kitu kimoja tu: tuma siku ileile unalipwa, mbele ya kukaa na wenzako. Franga yenye imekwisha kufika Goma, hakuna rafiki mwenye kuikopa kule juu.

Ile 48 igawanyeni mu grupe, kila mutu aone: njia 12, chakula 16, michezo na kiingilio 10, akiba 10. Hii ni mufano, bei ya kwenu mutauliza wenyewe. Lakini akiba isikose. Mutoto anaweza kuumia muguu, mvua inaweza kunyesha na motari apandishe bei. Akiba ikibakia, njo kitabu ya kwanza ya mwezi wa kenda.

Tuma ku laini ya rezo ileile, kwa sababu kutoka rezo moja kuenda ku ingine inakula zaidi. Na utoshe mara moja tu, si mara tano, kwa sababu kila mara mutu wa kabini anakata komisio. Muulize mbele ngapi atakata.

Kazi ya tatu: kuhakikisha

Picha ya mu telefone inadanganyaka. Piscine yenye mayi ya bluu, pengine picha ni ya miaka tano, leo mayi ni ya kijani. Mbele ya kuchagua, piga simu. Uliza: munafungua saa ngapi? Mutoto analipa ngapi? Tunaweza kuingia na chakula yetu? Hili swali la mwisho linaweza kuokoa nusu ya bajeti. Sambaza ya kukaanga, makemba na formaje ya Masisi yenye papa amebeba, inashiba kupita sahani moja ya hoteli.

Kama munavuka mupaka, saa ya kufunga na karatasi zinabadilikaka. Muulize mutu mwenye alivuka juma hii, si mwenye alivuka mwaka uliopita. Karatasi za watoto pia, mbele ya siku, si pale ku Barrière watoto wamekwisha kuvaa manguo ya kuogelea.

Mu karte ya Google, unaweza kuchunga karte ya muji mu telefone ukiwa na rezo, kisha uitumie hata rezo ikikatika. Na usitume avansi ku namba ya mutu usiyemujua, hata akuambie nafasi zinaisha.

Neno lingine: picha za matembezi, ziweke ku statut mukisha kurudia. Ukiandika asubuhi «tuko Gisenyi wote», umeambia na mwizi kama nyumba iko wazi.

Yenye telefone haiwezi kuona

Hapa njo kazi ya papa. Ku upande wa Himbi, Keshero, Mugunga na Bulengo, karibu na ziwa, kuko mazuku. Ni hewa nzito yenye kutoka mu udongo na kukaa mu mashimo na nafasi za chini, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umelala. Haionekane. Mutoto akishuka kufuata balo yake, anaanguka, na mwenye kumufuata anaanguka pia. Hakuna aplikasio inamuonya. Lakini muchimbaji anajua ile kitu: ni sawa na shimo yenye hewa mbaya, kwenye mushumaa unazimika. Papa aelezee watoto: mukiona wadudu ao ndege wamekufa mu shimo, murudie nyuma, muite mukubwa.

Na ziwa. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti yenye kutoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wa ku kando wakiiona kwa macho. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Kama munapanda boti hata kwa kutembea tu, jile kwanza, kwa kila mutoto, ya kipimo yake. Jile hakuna? Mushuke. Watoto watalia, na watanyamaza.

Na papa asiposhuka?

Inafikaka. Shimo imeanza kutosha mawe juma ileile, ao barabara ya Sake imefunga. Mukubaliane mbele: tarehe ya kwanza, na tarehe ya pili. Tarehe ya kwanza ikishindikana, munangojea ya pili. Ya pili ikishindikana, mama anaenda na watoto, sanduku iko kwake, na papa anaitwa ku video saa ya sambaza. Asiseme «mungeningojea». Mutoto wa miaka saba, mwaka ujao atakuwa na nane, hakuna mwenye kumurudisha.

Ahadi ni deni, wazee walisema. Deni ya duka tunailipaka kwa sababu mwenye duka anakuja kugonga ku mulango. Mutoto hagonge. Anaacha tu kuuliza. Basi leo mangaribi, mbele ya mega kuisha, fungua ile grupe, andika nafasi tatu, na utume dola ya kwanza.