Fahamu Sababu za Risasi ya .375 Kutumika kwa Wanyama wa Aina Nyingi

Risasi ya bunduki ya kuwindia aina ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, ingali ikitegemewa katika uwindaji wa kitalii barani Afrika. Kichwa chake kizito, chenye gramu 19 hivi, hupenya mifupa ya nyati. Kilicho chepesi zaidi hufaa kwa swala walio mbali. Msukumo wake begani huvumilika, hivyo mwindaji hulenga kwa utulivu. Hilo ni muhimu, kwani nyati aliyejeruhiwa huhatarisha maisha ya mwindaji na wasaidizi wake. Kwa sababu hiyo, nchi kadhaa zimekifanya kipimo hicho kuwa cha chini kabisa kwa wanyama hatari.

Wananchi wa Tanzania wanakumbushwa kuwa kibali cha kumiliki silaha si leseni ya kuwinda.