MIZANI YA MWILI: TIBA YA KIHINDI NA NJIA IENDAYO KANJA

Mtu wa pwani akiagizwa Kanja, huko Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hutafuta koti kabla ya kufunga mzigo. Julai ni mwezi wa baridi na ukungu huko kwenye nchi ya michai, na kikombe cha tangawizi ni rehema. Lakini tangawizi hiyo hiyo, mtu akiizidisha Mombasa wakati wa kaskazi, kifua humwaka na jasho likamtiririka. Dawa ni moja, anywaye ni mmoja. Mbona matokeo ni mbalimbali?

Swali hili ndilo mlango wa Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi. Jina lenyewe ni la Kisanskriti: ayus ni uhai, na veda ni elimu. Vitabu vyake mashuhuri, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vina umri wa takriban miaka 2,000.

Msingi wake ni huu. Kila kilichoumbwa kina asili tano: anga, upepo, moto, maji na ardhi. Katika mwili, asili hizo huzaa nguvu tatu ziitwazo dosha. Vata ni ya upepo, nayo huendesha pumzi na kila mwendo. Pitta ni ya moto, nayo husaga chakula na kutia joto. Kapha ni ya maji na udongo, nayo huupa mwili uzito, ulaini na uthabiti. Kila mtu huzaliwa na kadiri yake. Nguvu hizo zikitulia katika kadiri yake, huyo ni mzima. Moja ikizidi, maradhi yameshika njia.

Ndiyo maana tabibu wa Kihindi haridhiki kuuliza, "Waumwa wapi?" Huuliza pia mgonjwa alala saa ngapi, ala nini, apata choo vipi, na msimu ni upi. Chakula nacho hukipima kwa ladha sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ile yenye ukakasi. Kila ladha hupandisha nguvu moja na kushusha nyingine.

Je, haya ni mageni kwetu? La hasha! Wazee wetu wa pwani walijua vyakula vya joto na vya baridi, na waliisikia habari ya damu, balghamu, safura na sauda. Hiyo ni elimu ya Wayunani, iliyopangwa upya na Ibn Sina (980–1037) katika Al-Qanun. Mito hii miwili ilikutana zamani. Huko Baghdad, enzi za Bani Abbas, vitabu vya Kihindi vilifasiriwa kwa Kiarabu. Na Ali bin Rabban al-Tabari, alipomaliza Firdaws al-Hikma mwaka 850, alitenga sehemu nzima kuieleza tiba ya Wahindi. Kisha pepo za msimu zikaleta majahazi ya Kachi na Kathiawar hadi bandari zetu. Mwarobaini tunaousifu kwa maradhi arobaini, asili yake ni Bara Hindi.

Na watu wa mlimani nao wana mizani yao. Huko, mzazi hupewa njahi apate nguvu na maziwa. Kwetu hupewa uji wa pilipili manga. Gujarat hupewa tangawizi na samli. Vyungu vitatu, nia moja: kumrudishia mama joto lililompotea.

Sasa tufike penye uzito. Charaka ataja nguzo tatu za afya: chakula, usingizi, na kujizuia katika matamanio. Nasi tumekatazwa israfu ya kula na kunywa katika Suratul-Aaraf, aya ya 31. Basi tuitazame muguka. Majani hayo hutoka Mbeere, upande wa chini wenye ukame wa hiyo hiyo Embu, na kila siku hushuka kwa magari hadi Mombasa. Kazi yake ni kufukuza njaa na usingizi; yaani, huing'oa nguzo ya kwanza na ya pili kwa mkupuo mmoja. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliipiga marufuku. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha kwa muda amri za Mombasa na Kilifi. Mkulima wa Mbeere alilia karo ya wanawe, mama wa Kisauni alilia mwanawe mwenyewe. Vilio vyote viwili ni vya haki, lakini mwili wa kijana asiyelala wala kula haungoji hukumu.

Aidha, tusiigeuze hekima kuwa ushabiki. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Jina la kale si hati ya usalama. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiache dawa za hospitali kwa kuahidiwa unga wa chupani; na atumiaye mitishamba amwambie daktari wake, kwani dawa mbili huweza kugombana tumboni. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili, lakini kutambuliwa si kuthibitishwa.

Kinachotufaa zaidi katika elimu hii hakiuzwi dukani. Kula kwa kiasi, kulala kwa wakati, kuufuata msimu, na kujua kuwa kimfaacho wa Kanja huenda kikamdhuru wa Kisauni. Wahenga walinena, kinga ni bora kuliko tiba. Nasi tuongeze: na kinga yenyewe ni kadiri.