Kura Zinavyogeuka Kuwa Viti

Uchaguzi wa wabunge hufundishwa shuleni katika somo la uraia. Humo mwanafunzi hujifunza nani ana haki ya kupiga kura, nani aweza kugombea, na Bunge lina kazi gani. Swali moja huachwa nje, labda kwa sababu ni la hesabu: je, kura milioni kadhaa zilizotumbukizwa katika masanduku hugeuzwaje kuwa viti mia mbili na kitu Bungeni? Wengi hudhani kwamba jibu ni jepesi, yaani chama kilichopata nusu ya kura hupata nusu ya viti, na kilichopata robo hupata robo. Sivyo ilivyo. Katika nchi zinazochagua mbunge mmoja kwa kila jimbo, kama vile Tanzania, Kenya na Uingereza, mahali kura zilipopigwa huwa na uzito mkubwa kama idadi ya kura zenyewe, na mara nyingine huwa na uzito zaidi.

Mfano wa karibu upo Ufipa. Chala ni mji mdogo katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 wilaya hiyo ilikuwa na majimbo mawili, Nkasi Kaskazini na Nkasi Kusini. Namanyere iko katika jimbo la Kaskazini, na Chala katika lile la Kusini. Mkulima wa Chala na mwenzake wa Namanyere hulima mahindi na maharage yale yale juu ya uwanda ule ule, lakini kura zao za ubunge hazichanganywi kamwe. Mpaka unaozitenga haukuwekwa na maumbile. Kwa mujibu wa Katiba, kazi ya kugawa nchi katika majimbo ni ya Tume ya Uchaguzi, kwa kibali cha Rais. Mwaka huo jimbo la Kusini lilichukuliwa na CCM. La Kaskazini lilichukuliwa na mgombea wa CHADEMA, nalo lilikuwa jimbo pekee lililokwenda kwa chama hicho kati ya majimbo 264 ya nchi nzima. Jambo hilo lina mkia wake wa kihesabu, ambao utaelezwa mwishoni.

Ili kuiona kanuni yenyewe, mwalimu hahitaji kifaa cha maabara. Achukue makopo matano, kila kopo liwe jimbo lenye wapiga kura 100, na punje za aina tatu ziwe vyama vitatu: Mahindi, Maharage na Karanga. Katika kila kopo kati ya manne ya kwanza atie punje 55 za mahindi, 40 za karanga na 5 za maharage. Katika kopo la tano atie maharage 60, mahindi 30 na karanga 10. Kisha wanafunzi wahesabu mara mbili. Mara ya kwanza wamwage punje zote mezani: watapata mahindi 250, karanga 170 na maharage 80, ambazo ni asilimia 50, 34 na 16. Mara ya pili wahesabu kopo kwa kopo, na katika kila kopo punje zilizo nyingi zitwae kiti. Mahindi watatwaa viti vinne, Maharage kimoja, na Karanga hawatapata hata kimoja, ijapokuwa kura zao ni zaidi ya mara mbili ya kura za Maharage. Hakuna punje iliyoibwa, wala karani aliyekosea kujumlisha. Karanga wameshindwa kwa sababu walitawanyika, na Maharage wameshinda kwa sababu walikaa pamoja.

Kutokana na zoezi hilo chapatikana kipimo rahisi. Asilimia ya viti vya chama igawanywe kwa asilimia ya kura zake. Jibu likiwa 1, chama kimepata kadiri ya kura zake. Likizidi 1, mgawanyo wa majimbo umekipendelea, na likipungua, umekipunja. Katika mfano wa makopo, Mahindi wana 80 kwa 50, yaani 1.6, Maharage wana 20 kwa 16, yaani 1.25, na Karanga wana sifuri.

Kipimo hicho kina maana pale tu vyama vinaposhindana. Tangu 1965 hadi 1990 Watanzania walichagua wabunge chini ya chama kimoja, na wagombea wawili wa jimbo walitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba. Mtu aliweza kumwangusha waziri, na mawaziri waliangushwa kweli, lakini viti vyote vilibaki vya chama kile kile. Sheria ilibadilishwa mwaka 1992, na tarehe 29 Oktoba 1995 ukafanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi katika Jamhuri ya Muungano, ingawa majimbo ya Dar es Salaam yalilazimika kurudia kupiga kura mwezi Novemba. Majimbo yalikuwa 232.

Matokeo ya uchaguzi huo yastahili kuandikwa ubaoni. CCM ilipata asilimia 59.2 ya kura za ubunge na viti 186. NCCR-Mageuzi ilipata asilimia 21.8 na viti 16. CHADEMA ilipata asilimia 6.2 na viti 3. CUF ilipata asilimia 5.0 na viti 24. UDP ilipata asilimia 3.3 na viti 3. Kura zilizosalia zilikwenda kwa vyama ambavyo havikupata kiti.

Msomaji atazame hasa NCCR na CUF. Chama chenye kura zaidi ya mara nne kilipata viti vichache kuliko kile chenye kura kidogo. Ukikokotoa kipimo utapata CCM 1.35, CUF 2.07, UDP 0.39, NCCR 0.32 na CHADEMA 0.21. Kwa maneno mengine, kura moja ya CUF ilifanya kazi ya kura zaidi ya sita za NCCR. Sababu ni ile ile ya makopo. Viti vyote 24 vya CUF vilitoka Zanzibar, hasa kisiwani Pemba, ambako wafuasi wake walikuwa wengi mahali pamoja, tena majimbo ya visiwani yana watu wachache kuliko mengi ya bara. NCCR ilikuwa na ngome zake, Kilimanjaro ikiwa mojawapo, lakini sehemu kubwa ya kura zake ilitapakaa bara katika majimbo ambamo ilishika nafasi ya pili. Kushika nafasi ya pili katika majimbo mia moja hakuleti mbunge hata mmoja. UDP na CHADEMA nazo zililingana kwa viti, ilhali kura za CHADEMA zilikaribia kuwa mara mbili ya zile za UDP.

Yafaa kuongeza hapa kwamba mshindi wa jimbo hahitaji nusu ya kura. Wakigombea wanne, asilimia 26 yaweza kutosha, ikiwa wenzake wamegawana 25, 25 na 24. Watu 74 kati ya 100 watawakilishwa na mtu ambaye hawakumchagua.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa takwimu, na kwamba maadamu serikali imepatikana, yaliyobaki si kitu. Historia ya Zanzibar haikubaliani nao. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu, na vyama vikakaribiana hata isiwezekane kuunda serikali. Uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni, ukafuatiwa na ghasia zilizoua watu 68. Ndipo ukaja uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru, uliokuwa na majimbo 31. ASP ilipata asilimia 54.2 ya kura zote na viti 13. ZNP ilipata asilimia 29.9 na viti 12, na mshirika wake ZPPP asilimia 15.9 na viti 6. Vyama hivyo viwili vilivyoungana vilikuwa na chini ya nusu ya kura, lakini vilikuwa na viti 18, na hivyo vikaunda serikali. Kipimo cha ASP kilikuwa 0.77. Wafuasi wake walijaa katika baadhi ya majimbo ya Unguja na kushinda huko kwa wingi mkubwa usio na faida, kwa kuwa kura za ziada katika jimbo lililokwisha kushindwa haziongezi kiti. Wapinzani wao walishinda kwingineko kwa tofauti ndogo, kura zao zikatosha bila kuzidi mno.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Ingekuwa kosa kuyaeleza Mapinduzi kwa hesabu peke yake. Yalikuwa na mizizi katika ardhi, katika kazi na katika karne nzima ya utawala. Walakini, serikali iliyopinduliwa ilikuwa imechaguliwa na wachache kwa hesabu halali, na kila mtu visiwani aliijua hesabu hiyo.

Lesotho ilipata somo linalofanana nalo. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. BNP, kwa takriban robo ya kura, ilipata kile kimoja kilichosalia. Ghasia zikazuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, na sehemu ya mji mkuu Maseru ikachomwa moto. Baadaye Wabasotho hawakuyafuta majimbo yao. Waliongeza viti 40 vya fidia, vinavyogawanywa ili jumla ya viti vya kila chama ikaribie uwiano wa kura zake. Katika uchaguzi wa 2002 BNP haikushinda jimbo hata moja, lakini iliingia Bungeni na viti 21.

Je, kwa nini nchi zisiache majimbo kabisa, zikahesabu kura zote pamoja kama punje zilizomwagwa mezani? Afrika Kusini ilifanya hivyo mwaka 1994, kila mpiga kura akichagua chama chenye orodha yake ya majina. Uwiano huwa karibu kamili, lakini kuna gharama. Watu wa Chala wakitaka kuuliza habari za barabara, za pembejeo au za bei ya mahindi, wanamjua mbunge wao kwa jina na wanaweza kumngoja kwenye mkutano. Mtu aliyeingia Bungeni kupitia orodha ya chama amefungwa zaidi na wale walioipanga orodha hiyo kuliko na kijiji chochote. Mfumo mmoja humpa mwananchi mwakilishi wa mahali pake, na mwingine huipa kila kura uzito sawa. Hakuna hesabu inayotoa vyote viwili kwa ukamilifu kutoka katika sanduku moja. Mchanganyiko kama ule wa Lesotho waelekea kuwa bora kuliko mifumo yote miwili ikisimama peke yake.

Tanzania nayo ina mchanganyiko wa namna yake, ingawa haukuundwa kwa kusudi hilo, nao ni viti maalum vya wanawake. Mwaka 1995 viti hivyo vilikuwa 37, vikagawanywa kwa kufuata idadi ya majimbo ambayo kila chama kilishinda: CCM 28, CUF 4, NCCR 3, CHADEMA 1 na UDP 1. Kanuni hiyo ilirudia tu upendeleo uliokwisha kutokea majimboni. Kuanzia uchaguzi wa 2005 hesabu ilibadilishwa, viti vikafuata uwiano wa kura za ubunge, kwa masharti kwamba chama kiwe kimepata angalau asilimia 5 ya kura halali nchini.

Wanafunzi na waitumie kanuni ya 2005 kwa kura za 1995. Vyama vinne vinafika asilimia 5, navyo kwa pamoja vina asilimia 92.2. Kila chama kipewe viti 37 mara asilimia yake, kisha jibu ligawanywe kwa 92.2. CCM itapata 23.76, NCCR 8.75, CHADEMA 2.49 na CUF 2.01. Namba nzima zinajumlika 35. Viti viwili vilivyosalia vikienda kwenye masalio makubwa, CCM itakuwa na 24, NCCR 9, CHADEMA 2 na CUF 2, na UDP haitapata kitu. Kura ni zile zile, lakini viti vya NCCR vimekuwa mara tatu ya vile ilivyopata, na vya CUF vimepungua kwa nusu.

Ndipo uonekane mkia wa habari ya Nkasi. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao matokeo yake yalikataliwa na vyama vikuu vya upinzani, CCM ilitangazwa kushinda majimbo 256, ACT-Wazalendo 4, CUF 3 na CHADEMA lile moja la Nkasi Kaskazini. Viti maalum vilikuwa 113, navyo vikagawanywa 94 kwa CCM na 19 kwa CHADEMA. ACT-Wazalendo na CUF, zilizokuwa na majimbo mengi kuliko CHADEMA, hazikuambulia kiti maalum hata kimoja, kwa kuwa hazikufikisha asilimia 5. Viti vilivyowekwa ili wanawake wasikosekane Bungeni vimetwishwa pia mzigo wa kusawazisha vyama, na si jambo la kuridhisha kwamba kazi mbili zisizohusiana zimewekwa katika kapu moja. Mwaka huo mzigo ulionekana waziwazi, kwani CHADEMA yenyewe ilikana kuwateua wanawake hao 19 na kuwavua uanachama, nao wakabaki Bungeni huku shauri likiendelea mahakamani. Mbunge wa Nkasi Kaskazini hakuguswa na mzozo huo. Kiti chake kilitoka katika hesabu ya jimbo moja, na vile 19 vilitoka katika jumla ya kura za nchi nzima, ambazo karibu zote zilipigwa katika majimbo ambayo chama hicho kilitangazwa kushindwa.