Ngojangoja ya Mahakamani na Haki ya Dhamana

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mahakama zetu, ngojangoja humnyang'anya mtu miaka ya umri wake kabla hajapatikana na hatia yoyote.

Mimi ni mwalimu wa isimu hapa Eldoret, wala si mwanasheria. Hata hivyo, maneno ya mahakamani yafaa tuyatafakari pamoja na wanafunzi wetu. Chukua neno 'kutajwa'. Kesi inapotajwa, hakuna shahidi anayesikilizwa: jalada hufunguliwa, tarehe nyingine hupangwa, na mshtakiwa asiye na dhamana hurejeshwa rumande. Chukua pia neno 'dhamana'. Husemwa kwamba kiongozi amepewa dhamana ya kuongoza, yaani ameaminiwa. Mshtakiwa vilevile huaminiwa kwamba atarudi siku ya kesi yake. Dhamana basi si msamaha, wala si ishara kwamba hakimu amehongwa, kama wengi wanavyonong'ona wamwonapo mshukiwa akitembea mjini.

Katiba yetu ya zamani, katika kifungu cha 72, iliagiza kwamba mtu ambaye kesi yake haikusikilizwa katika muda ufaao aachiliwe, kwa masharti au bila masharti. Mwaka wa 1987 kifungu hicho kilirekebishwa, na waliokabiliwa na mashtaka yenye adhabu ya kifo wakanyimwa haki hiyo. Ndiyo iliyokuwa sheria wakati kanisa la Kiambaa, karibu na mji wetu huu, lilipoteketezwa Januari 1, 2008 pamoja na waliokimbilia humo. Wanaume wanne walishtakiwa kwa mauaji, na Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru ikawaachilia huru kwa kuwa ushahidi haukutosha. Waliofiwa walibaki na majonzi yao.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 49 humpa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Kifungu cha 50 nacho huagiza kesi ianze na kumalizika bila kucheleweshwa kupita kiasi. Kwa bahati mbaya, haki hizi mbili hujadiliwa kana kwamba hazijuani.

Tazama kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa mwaka wa 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi. Maafisa wa polisi walioshtakiwa walinyimwa dhamana. Sioni ajabu: ni shahidi gani asiyemwogopa mshtakiwa ambaye ni polisi? Lakini hukumu ilitolewa Julai 2022, miaka 6 baadaye. Washtakiwa wanne walipatikana na hatia. Wa tano, ambaye pia alikuwa polisi, aliachiliwa huru.

Ninauliza: miaka hiyo atarudishiwa na nani? Sheria ya mwenendo wa mashtaka, katika kifungu cha 333, humtaka hakimu azingatie muda wa rumande anapotoa kifungo. Mwenye hatia hupunguziwa. Asiye na hatia hana kifungo cha kupunguzwa!

Sipendekezi kwamba kila mshtakiwa afunguliwe mlango. Mashahidi na jamaa za waliouawa wana haki zao, nao pia huumizwa na ngojangoja. Ninachosema ni kwamba sababu nzito ya leo yaweza kuwa nyepesi kesho. Ikiwa mtu alinyimwa dhamana ili asiwatishe mashahidi, nao wamekwisha kutoa ushahidi, hofu hiyo imebaki wapi? Kila kesi inapozidi kurefuka, mahakama yenyewe iulize upya swali la dhamana, pasipo kumngojea mshtakiwa maskini asiye na wakili aliulize.

Walimu wenzangu, tunawafundisha vijana kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Kalenda ya mahakama isitufanye waongo mbele yao.