Motokari iliyoshushwa: kwa nini nyuma hailingani?



Vijana wengi wa kambi zetu wanapenda motokari inayokaa karibu na ardhi. Wananunua amortiseri zinazorekebishwa, wanazifunga siku ya mapumziko nyuma ya nyumba, wanashusha motokari sentimita 4 au 5, halafu wanasimama nyuma na kuangalia. Hapo furaha inakatika. Upande wa kushoto vidole 2 vinaingia kati ya mpira na ukingo wa bodi, upande wa kuume vinaingia 3. Basi wanashika ufunguo, wanarudi chini ya motokari na kuzungusha pete mpaka jicho liridhike.

Utauliza: jambo hili linamhusu nini mtu wa dispanseri? Linanihusu sana, kwa sababu ni kule kurudi-rudi chini ya motokari kunakotuletea watu wenye vidole vilivyopondeka. Anayeelewa kwa nini nyuma hailingani ataingia chini mara moja au mbili. Asiyeelewa ataingia mara 10, na mara ya 10 amechoka, giza limeingia, na kriki imesimama juu ya udongo mlaini.

Mtu akija kwetu anachechemea, hatukimbilii kumwongezea soli nene. Kwanza tunamlaza mahali palipo sawa, tunapima miguu yote miwili kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo. Mara nyingi miguu ni sawa kabisa; kilichopinda ni nyonga au mgongo. Motokari nayo ipime vile.

Pima kabla ya kugusa kitu

Uwanja wa nyuma ya nyumba karibu kila mara una mteremko, maana maji ya mvua lazima yapite. Tafuta sakafu ya simenti, na uihakikishe kwa bomba la maji linaloonyesha ndani, lile ambalo fundi mwashi anatumia kusawazisha ukuta. Jaza mipira yote hewa sawasawa. Toa mizigo. Usukume motokari mbele na nyuma mita chache, kwa sababu ikitoka juu ya kriki magurudumu huwa yameingia ndani na hayaiachi ishuke mpaka yazunguke kidogo. Kisha shika mita, upime kutoka katikati ya gurudumu, juu, hadi ukingo wa bodi. Usipime kwa vidole; vidole vya fundi si vidole vya mtoto wake.

Andika namba 4, za magurudumu yote, si za nyuma tu.

Nyuma ikipitana milimita 5, wacha. Bodi zenyewe hazitoki kiwandani zikiwa sawa kabisa, na motokari nyingi tunazonunua zimekwisha kutumika ng'ambo; labda ile yako iligongwa na ukingo ukanyooshwa kwa nyundo. Ili ujue, pima pia kutoka sakafuni hadi chini ya bodi, pale kriki inapowekwa, kushoto na kuume. Kama huko chini namba ni sawa, basi ukingo ndio uliopinda, na pete hazina kosa. Ikipitana milimita 10 au zaidi, tafuta sababu.

Sababu zinazojificha

Ya kwanza ni uzito. Dereva wa kilo 75 anakaa upande mmoja. Lita 40 za esanse ni kilo 30 hivi, na tangi halikai katikati kila mara. Kwa hiyo motokari iliyo sawa ikiwa tupu inaweza kuinama ukiingia.

Ya pili ni mipira midogo iliyo ndani ya mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Fundi akikaza buloni zake wakati gurudumu linaning'inia, mipira ile inajisokota motokari ikishuka, na inakaa inasukuma bodi juu kama resori ya pili. Upande uliokazwa vibaya unabaki juu. Legeza buloni zile, acha motokari isimame kwa uzito wake juu ya magurudumu, ndipo ukaze. Watu wengi walifukuzana na pete wiki nzima kwa jambo hili dogo tu.

Ya tatu iko mbele, na ndiyo inayodanganya wengi. Motokari ni kama meza ya miguu 4. Ukiinua mguu wa mbele wa kushoto, mzigo unakwenda kwenye mguu huo na kwenye mguu wa nyuma wa kuume. Nyuma kuume kutabonyea, nyuma kushoto kutafunguka. Wewe utaona kosa nyuma, kumbe pete iliyopitana iko mbele! Ukiongeza nyuma kuume ili jicho liridhike, umezidisha mzigo kwenye pembe 2 na kuupunguza kwenye pembe 2 nyingine. Inapendeza ikisimama, lakini siku ya kufunga breki kwa nguvu barabarani, gurudumu lenye mzigo mdogo linateleza kwanza na motokari inavuta upande. Kwa hiyo hesabu nyuzi za pete za mbele kabla ya kugusa za nyuma.

Tena, milimita 10 kwenye pete si milimita 10 kwenye gurudumu. Kama resori inakaa katikati ya mkono wa chuma, milimita 10 za pete zinakuwa 20 hivi kwenye gurudumu. Zungusha kidogo, sukuma motokari, pima tena.

Kama mpira mmoja umetoka nje

Kuna hali nyingine. Urefu ni sawa, lakini ukitazama kutoka nyuma, mpira mmoja uko karibu na ukingo na mwingine umeingia ndani. Hii inatokea kwa motokari zenye ekseli nzima nyuma inayoshikwa na chuma cha Panhard, kama Toyota Corolla AE86 au Land Cruiser 80. Chuma hicho kimefungwa upande mmoja kwenye ekseli na upande mwingine kwenye bodi. Bodi ikishuka, kinabadilisha mwelekeo na kusukuma ekseli pembeni. Ekseli ikisogea milimita 5, tofauti ya pande mbili inaonekana kuwa 10. Hapa pete haisaidii hata kidogo. Dawa ni chuma cha Panhard kinachorekebishwa urefu.

Usidharau hali hii. Ukiwa peke yako hakuna kitu. Ukibeba bibi, watoto, mama mkwe na gunia la unga kwenda Likasi, mpira unaanza kukwaruza ukingo, na ubavu wa mpira ndio sehemu yake dhaifu.

Resori na kriki

Resori nyingi za namna hii zinahitaji kama kilo 5 ili zibonyee milimita 1. Iliyobanwa milimita 60 inashikilia kilo 300. Usiilegeze nati ya juu bila kifaa cha kubania kilicho kizima, na uso wako usiwe kwenye njia yake.

Kriki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Weka miguu ya chuma chini ya motokari. Matofali yetu yanapasuka ghafla. Hata mawili, hata manne, usiyatumie. Watoto wakae mbali, na usifanye kazi hii peke yako.

Motokari ikimwangukia mtu kifuani, hawezi kuvuta pumzi, hata kama hakuna damu. Ubongo unaanza kuharibika ukikosa hewa dakika 4 hivi. Usimvute kwa miguu. Inueni motokari kwa kriki ya pili au kwa mikono ya majirani wengi, mtu mmoja azuie isirudi. Akitoka na kusema «niko salama», mpelekeni hospitali vilevile. Kama mguu au mkono ulibanwa muda mrefu, angalieni saa ulipobanwa na saa ulipotoka, mkatuambie: damu inayorudi kutoka nyama iliyopondeka inaweza kusimamisha moyo baadaye, na saa hizo zinatusaidia kuamua matunzo.

Kazi ikiisha, kaza pete za pili zinazofunga zile za kwanza, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, na uangalie kwamba mabomba ya breki hayavutwi wala hayaguswi na mpira. Baada ya wiki moja pima tena, maana resori mpya zinakaa chini kidogo. Vumbi letu jekundu linashika nyuzi za pete. Zisafishe kwa brashi kabla mvua hazijaanza.