Majiwe ya njia na rangi ya motokari

Mwenye kusafiri kati ya Likasi na Kolwezi, ao kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, anajua ule mlio: tak! Jiwe dogo kama punje ya mahindi limeruka kutoka kwa mapine ya kamiyo na kupiga kapo. Shofere anakunja uso kidogo, kisha anaendelea na safari. Mwezi huu tuzungumze juu ya lile doa dogo. Motokari ya taksi inalisha watu wengi ndani ya miji yetu: baba, mama, watoto wenye kungojea feza ya masomo, hata nyanya kule kijijini. Na tumeona motokari zenye injini nzima kabisa zikilala katika viwanja, kwa sababu mwili wake umekwisha kuliwa na kutu.

Kwanza tujue rangi ni kitu gani. Kiwandani wanaanza na bati tupu, wanaweka dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe munayoiona, na juu kabisa verni. Zote pamoja, unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na ukurasa mmoja wa daftari la mtoto. Ule ukurasa ndio wenye kutenga bati na maji. Jiwe likiutoboa hata kwa tundu dogo kama kichwa cha sindano, njia imekwisha kufunguka.

Wakati wa vumbi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, mtu haoni hatari. Majiwe yanapiga, lakini hakuna mvua, bati linabaki kavu. Mwezi wa kumi na moja mvua inanyesha kwa nguvu, na doa la mwezi wa nane linaanza kuwa jekundu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana inanyanyua rangi pembeni yake, na maji yanaingia chini zaidi. Pasaka ikifika, unagusa kwa kidole na ganda la rangi linaanguka chini. Kwa hiyo kazi ya kuziba madoa inafaa kufanywa mbele ya mvua.

Mbio na nafasi

Dawa ya kwanza hainunuliwi. Mbio ikiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara nne. Jiwe lenye kupiga motokari yako ukienda kilometa 80 kwa saa lina nguvu mara nne kuliko lile la kilometa 40. Na kama kamiyo inakuja mbele yako, mbio yake inaongezwa juu ya yako. Tufanye hesabu: kipande cha kilometa 10 chenye changarawe, ukienda 80 unakimaliza kwa dakika saba na nusu, ukienda 40 ni dakika kumi na tano. Unapoteza dakika saba na nusu. Kupiga kapo rangi mpya kunachukua siku nzima, bila kuhesabu feza.

Jambo la pili ni nafasi nyuma ya kamiyo. Kamiyo nyingi zina mapine mawili mawili nyuma, na jiwe linakwama katikati yake mpaka linaruka kwa ghafula. Bakia nyuma karibu metre 100. Namna ya kupima: chagua mti ao kibao, kamiyo ikikipita, hesabu sekunde pole pole. Kwa mbio ya 60, ukifika sita mbele ya kukifikia wewe, nafasi inatosha.

Hapa tuseme neno juu ya motokari zetu zenye volani ya kuume, zile zenye kutoka Japani na kupita Dar es Salaam ao Durban. Sisi tunatembea upande wa kuume wa njia. Mwenye volani ya kuume akifuata kamiyo haoni njia ya mbele, ukuta wa kamiyo unamziba. Basi anasogea karibu, anatoa pua ya motokari, anarudi, anatoa tena, na wakati huo wote anaoga majiwe. Anafikiri kusogea kutamsaidia kuona. Ni kinyume: akirudi nyuma zaidi ndipo njia inafunguka mbele ya macho yake. Na tusisahau kwamba mchezo huo umekwisha kuua watu, si kuharibu rangi tu.

(Wengine wakipishana na kamiyo wanakaza vidole kwenye kioo cha mbele kusudi kisipasuke. Kapo haina vidole vya kuikaza. Afazali mkono ubaki kwenye volani.)

Lakini kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi. Mara nyingi mwenye motokari si mwenye kuiendesha. Pengine ni mama mjane aliyeachiwa taksi na mume, ao baba aliyeinunua kwa feza ya mwisho wa kazi. Anamwambia shofere: kila jioni uniletee kiasi hiki. Kama kiasi hicho ni kikubwa kupita nguvu ya siku, shofere atakimbia tu. Atapita kwenye changarawe kwa 90, atabana kamiyo, atachukua watu sita nyuma. Jioni feza inafika yote, na mama anafurahi. Yale madoa kwenye kapo hayahesabu. Kwa maoni yangu, mwenye kupunguza kidogo ile feza ya kila siku analinda rangi yake kuliko mwenye kununua dawa za chupa. Mukae pamoja, mwenye motokari na shofere, mukubaliane juu ya mbio kama munavyokubaliana juu ya feza. Na jumamosi moja kila mwezi muzunguke motokari pamoja kwa kutazama madoa, bila kelele. Shofere mwenye kuogopa kelele ataficha doa kwa matope.

Vitu vya kuweka

Baveti nyuma ya kila pine ni lazima. Mapine ya mbele ya motokari yako yenyewe yanarusha majiwe chini ya milango, na hapo ndipo kutu inapenda kuanzia. Tena baveti inamlinda mwenye kukufuata, na yule mtoto mwenye kutembea pembeni ya njia na mfuko wa masomo. Kipande cha mpira mnene kinatosha. Lakini usinunue mpira wa mukanda wa mgodi kwa mtu mwenye kuuza usiku, unajua ulikotoka.

Chini ya milango na ndani ya mviringo wa mapine, fundi anaweza kupiga ile rangi nene nyeusi yenye kuwa kama mpira. Jiwe linaruka juu yake bila kutoboa. Asiipige juu ya kutu ao matope, na asizibe matundu ya kutolea maji chini ya milango.

Kuna pia utando wa plastiki wenye kuonyesha rangi. Kampuni 3M ya Marekani iliutengeneza wakati wa vita vya Vietnam kwa kulinda panga za helikopta. Unasaidia kweli, lakini kufunika motokari nzima ni gharama ya matajiri. Kipande cha mbele ya kapo na ukingo wa paa juu ya kioo kinatosha. Usihangaike na parashoki ya plastiki, haishiki kutu. Na nta ya kung'arisha inafanya maji yateleze, lakini haizuii jiwe, hata muuzaji aape.

Doa likiisha kutokea

Siku ileile, kama huna rangi, kausha na upake mafuta kidogo ya vazelini ao verni ya kucha ya mama. Hiyo ni ya siku chache tu. Kwa kazi yenyewe, osha kwanza kwa maji mengi, maana kupangusa vumbi letu jekundu kwa kitambaa kikavu ni kukwaruza rangi yote. Ondoa kutu kwa kipande kidogo cha karatasi ya kusugulia mpaka bati ling'ae. Weka tone la dawa ya kutu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, ngoja likauke, kisha rangi, mara mbili ao tatu, nyembamba nyembamba, na mwisho verni. Usifanye kazi hiyo juani ao mvua ikikaribia.

Rangi isichaguliwe kwa macho. Kwa Toyota, tafuta kibati kwenye nguzo ya mlango ao ndani ya kapo, mstari wenye herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Mpe muuzaji namba hiyo.

Siku ya kuuza, mnunuzi mwerevu atapitisha sumaku kwenye bati. Pahali penye mastiki nene sumaku haishiki, na bei inashuka hapohapo. Madoa madogo yaliyozibwa vizuri, sumaku inashika juu yake bila shida.